Ndege mdogo wa Taita anayetegemea jina lake kuishi

Ukitoka Holili na mzigo wa vitunguu, ukagongewa muhuri, ukavuka Taveta na kushika barabara ya Voi, unaingia kwenye nyika. Ni vichaka, udongo mwekundu, mibuyu hapa na pale, na tembo wa Tsavo wasiojali lori la nani linapita. Unapokaribia Mwatate, upande wa kushoto inainuka milima ya Taita, vilele vyake vimefunikwa na ukungu hata siku ambayo huku chini jua limekausha kila kitu. Wafanyabiashara wengi wanaijua milima hiyo kwa mboga za Wundanyi, zinazoteremshwa kwenda kulisha Mombasa. Wachache wanajua kwamba juu kabisa, kwenye vipande vya msitu vilivyobaki, anaishi ndege asiyepatikana mahali pengine popote duniani.

Si ndege wa kupigiwa picha na watalii. Ana uzito usiofika gramu 15, sawa na vijiko vichache vya sukari. Mgongo wake ni wa kijivu, mkia ni mrefu kuliko unavyotarajia kwa mwili ule, jicho ni jeupe-jeupe, koo na kifua cha juu ni vyeusi kama amejipaka masizi. Anapita chinichini kwenye vichaka vya msituni akitafuta viwavi na wadudu, na ukimsikia utamsikia kabla ya kumwona. Ndege wa ukoo wake hurudia mlio mfupi mkali tena na tena, dume na jike wakipokezana, na sikio la Mswahili laweza kuusikia kama mtu anayenadi pilipili sokoni: pili-pili-pili-pili. Wataalamu humwita apalisi wa Taita. Wamebaki wachache tu.

Au tuseme hivi: wamebaki wachache ikiwa ni ndege wa aina yake. Ikiwa ni tawi tu la ndege mwingine, basi wapo wengi mno, kuanzia Kilimanjaro hadi Rasi ya Afrika Kusini, na hakuna haja ya mtu kukosa usingizi. Ni ndege yule yule, kwenye tawi lile lile. Kinachobadilika ni kinachoandikwa kwenye karatasi.

Mambo ya namna hii wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kufundishwa. Kila anayepitisha mali mpakani anajua kwamba jina lililoandikwa kwenye fomu huwa na nguvu kuliko mzigo wenyewe. Bidhaa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiandikwa kuwa malighafi inaingia bila ushuru. Ikiandikwa kuwa imekamilika nusu inalipiwa asilimia 10. Ikiandikwa kuwa imekamilika kabisa inalipiwa 25, na tangu Julai 2022 zipo zinazolipiwa 35. Mfanyabiashara mdogo mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 uliozalishwa ndani ya Jumuiya anapewa cheti rahisi cha uasili na kupita. Bila cheti hicho, mahindi yale yale yanageuka ya mgeni. Ndege wa Taita naye ana cheti chake cha uasili, na kwa miaka mingi wataalamu wamebishana kama kilistahili kutolewa.

Mmoja au wengi?

Tuanze na ndege ambaye hakuna anayembishia. Anaitwa apalisi mwenye mstari kifuani. Alielezwa kisayansi mwaka 1811 na Mwingereza George Shaw, kutokana na ndege wa huko Rasi, kusini kabisa mwa bara. Kule kusini ni ndege wa kawaida: yumo kwenye vichaka vya karibu na bahari, kwenye mabonde, hata kwenye bustani za watu. Lakini kadiri unavyokuja kaskazini ndivyo anavyopanda mlima. Anaonekana kwenye milima ya mashariki ya Zimbabwe, kwenye uwanda wa juu wa Nyika unaogawanywa na Malawi na Zambia, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, Uluguru, Usambara Magharibi, Pare Kusini, Kilimanjaro. Huku kwetu, chini ya milima hamtaki mtu. Joto la nyika si lake.

Dereva wa lori anayepakia Taveta na kushusha Lusaka anapita karibu na milima yake mingi bila kujua. Baada ya Himo, safu za Pare zinamsindikiza kushoto hadi Same na zaidi. Mombo, Usambara iko juu yake. Morogoro, Uluguru inaziba nusu ya anga. Anapanda Kitonga, anapita Iringa, Mbeya, na foleni ya Tunduma inampa muda wa kutosha wa kutazama milima. Katika safari hiyo ya siku kadhaa amevuka mabonde ambayo ndege huyu hajayavuka kwa maelfu ya miaka.

Hapo ndipo mambo yanapoanza. Ndege wa msitu wa mlimani hasafiri juu ya nyika. Kwake yeye bonde la kilomita 50 lenye jua na vichaka vya miiba ni kama bahari. Wanaokaa mlima mmoja wanaoana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, na polepole wanaanza kutofautiana na wenzao wa mlima wa pili. Kifua kinakuwa na rangi zaidi, mgongo unakuwa wa kijani badala ya kijivu, mstari wa kifuani unapanuka au unakuwa mwembamba. Wataalamu wakiona tofauti ndogo ya namna hiyo wanampa ndege jina la tatu, jina la tawi, ambalo kwa Kiswahili cha vitabu huitwa nususpishi. Apalisi mwenye mstari kifuani amepewa matawi zaidi ya 12. Wa Kilimanjaro ana jina linalomaanisha mwenye kichwa cha kijivu. Wa Uluguru ana jina la mlima wake. Wa Pare Kusini alipata lake mwaka 1966.

Kwa wanaofuatilia mambo ya Jumuiya kuna jambo la kuchekesha hapa. Ndege wa milima ya Chyulu, ambayo iko Kenya, anahesabiwa kuwa tawi moja na wa Kilimanjaro, ambao uko Tanzania. Mpaka uliochorwa na Waingereza na Wajerumani karne ya 19, ule unaotoka Ziwa Victoria ukiwa umenyooka kisha ukajikunja kuuzunguka Kilimanjaro, haukumgusa. Lakini wa Taita, Mkenya mwenzake wa Chyulu, ni mwingine kabisa. Kwa ndege hawa mpaka wa kweli uko katikati ya Tsavo, mahali ambapo hakuna kizuizi, hakuna askari, wala hakuna anayegonga muhuri.

Mkaguzi wa hesabu wa Amani

Aliyemwandika ndege wa Taita kwa mara ya kwanza kama tawi la pekee hakuwa msomi wa elimu ya viumbe. Reginald Moreau alikuwa Mwingereza wa vitabu vya hesabu. Aliajiriwa kijana katika idara ya ukaguzi wa hesabu za serikali, akapelekwa ofisi ya ukaguzi wa jeshi mjini Kairo, na huko jangwani akaanza kupenda ndege. Mwaka 1928 akahamia Amani, Usambara Mashariki, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Alikaa hapo hadi 1946. Mchana alifanya kazi za ofisi, na muda uliobaki, yeye na mkewe Winifred, waliutumia kuorodhesha ndege wa milima ya Tanganyika na jirani zake.

Napenda kufikiri kwamba ukaguzi ulimsaidia. Mtu aliyezoea kulinganisha leja mbili na kutafuta mahali zinapotofautiana ndiye hasa wa kulinganisha ngozi za ndege wawili wanaofanana. Mwaka 1938 alichapisha maelezo ya apalisi wa Taita na kumpa jina la Kilatini linalomaanisha mwenye koo la giza. Hakudai kwamba ni ndege wa aina mpya. Alimweka kama tawi la yule wa mstari kifuani, akafunga daftari.

Wakati huohuo, mbali kusini, wengine walikuwa wakifanya kazi kama yake. Mwaka 1932 Jack Vincent alipanda mlima Namuli, kaskazini mwa Msumbiji juu ya mashamba ya chai ya Gurué, akarudi na apalisi mwenye koo jeusi na tumbo la manjano. Baada ya hapo zilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya wataalamu wa ndege kuupanda tena mlima huo. Vita vilikuwa vimepita katikati. Na kusini mwa Malawi, kwenye milima ya Mulanje, Zomba na Malosa, alikuwepo mwingine aliyeelezwa tangu 1893, huyu koo lake ni la manjano.

Wote watatu, wa Taita, wa Namuli na wa Malawi, walikaa kwa miaka mingi chini ya jina la ndege mmoja. Kwenye leja ya dunia walihesabiwa pamoja na wale wa bustani za Afrika Kusini, na jumla ilikuwa kubwa.

Namna ya kutoa cheti

Swali la kama ndege wawili ni aina moja au mbili lina jibu la kizamani: wakikutana, je, wataoana na kuzaa? Jibu hilo ni zuri pale wanapokutana. Wa Taita na wa Chyulu hawakutani. Tsavo iko katikati, na hakuna mtu wa kuwalazimisha.

Kwa hiyo mwaka 2010 kundi la wataalamu lilipendekeza utaratibu ambao ofisa wa forodha angeuelewa mara moja, na shirika la kimataifa la ndege, BirdLife, likaanza kuutumia. Unachukua ndege wawili na kuwapa alama kwa kila tofauti: rangi, ukubwa, wimbo, tabia. Tofauti ndogo inapata alama 1, ya wastani 2, kubwa 3, ya kupita kiasi 4. Jumla ikifika 7, ni spishi mbili. Isipofika, ni moja yenye matawi. Apalisi wa Taita, wa Namuli na wa Malawi wote leo wanahesabiwa na shirika hilo kama spishi zinazojitegemea. Vitabu vingine viliendelea kwa miaka mingi kuwaweka kama matawi tu, na mtu aliyenunua vitabu viwili vya ndege wa Afrika Mashariki angeweza kumkuta Kenya ana spishi moja zaidi katika kimoja kuliko katika kingine.

Wapo wataalamu wanaolalamikia mtindo huu, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema ukimpa kila mlima ndege wake, utafika siku ambayo orodha ya wanaohitaji kulindwa itakuwa ndefu kiasi cha kukosa maana. Wafanyabiashara wanajua kinachotokea watu wanapougawa mzigo mmoja mkubwa kuwa midogo mitano, kila mmoja ukiwa chini ya dola 2,000, ili wote upite kwa cheti rahisi. Cheti kinachotolewa kwa kila mtu mwishowe hakiheshimiwi na mtu yeyote.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, nalo limeonekana papa hapa kwa ndege mwingine wa milima hii hii, yule mdogo wa manjano mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho. Wa Taita, wa Pare Kusini, wa Kilimanjaro na wa milima mingine waliwekwa zamani chini ya jina moja kwa sababu wanafanana sana. Vinasaba vyao vilipochunguzwa, ilionekana kwamba baadhi ya hawa wa milimani ni ndugu wa karibu zaidi wa ndege wa nyanda za chini kuliko wa wenzao wa mlima wa jirani. Kufanana kulikuwa kumewadanganya wakaguzi. Leo wa Taita ana jina lake, na wa Pare Kusini pia, lake likiwa limetokana na Winifred, mke wa Moreau.

Kijani kinachodanganya

Rudi barabarani, karibu na Mwatate, utazame tena juu. Milima ni ya kijani. Mtu akikuambia msitu wa Taita uko hatarini unaweza kumwonyesha kidole na kumuuliza: kile ni nini?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambacho kina kituo cha utafiti Wundanyi, walichukua picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na kuzilinganisha na za 2004. Walipohesabu miti yote kwa pamoja, eneo la msitu lilikuwa limepungua kidogo sana, kiasi cha asilimia 2. Walipotenganisha miti ya asili na ya kupandwa, waligundua kwamba nusu ya msitu wa asili ilikuwa imetoweka katika miaka hiyo. Pengo lilikuwa limezibwa na misonobari, mikaratusi na mivinje ya kigeni. Leja ilikuwa inalingana, lakini bidhaa ndani ya ghala ilikuwa imebadilishwa.

Mkaratusi ni mti mzuri kwa mwenye nguzo za kuuza, wala sitamlaumu mkulima wa Taita aliyeupanda. Unakua haraka na unalipa karo. Ila apalisi hawezi kuishi humo. Chini ya mikaratusi hakuna vichaka vya kujificha, hakuna viwavi wa kutosha, hakuna kuvu na nyuzi za buibui ambazo ndege wa ukoo huu hushonea kiota chao, kimfuko chenye mlango ubavuni. Yeye anataka msitu wenyewe, ule wenye mizizi, ukungu na giza chini, pamoja na nafasi zinazofunguka mti mkubwa unapoanguka na vichaka kuchipua.

Na huo umebaki vipande vipande. Kipande cha Ngangao, mojawapo ya vikubwa, kina kama hekta 120, yaani takriban ekari 300. Mtu mwenye miguu mizuri anaweza kukizunguka asubuhi moja na kuwahi chai. Vingine ni vidogo mno, na kati ya kipande na kipande kuna mashamba ya mahindi, nyumba, barabara na shule. Ndege asiyekubali kuvuka bonde la Tsavo, sasa analazimika kuamua kama atavuka shamba la kabichi.

Kilele cha Vuria, mita 2,208, ndicho cha juu kuliko vyote Taita, na ndiyo ngome yake nyingine. Hali ya hewa inapozidi joto, ndege wa mlimani hupanda juu zaidi. Wa Kilimanjaro wana pa kupanda. Wa Vuria wakifika juu watakuta mawingu na minara ya mawasiliano.

Wenyeji hawakuwa wapumbavu kuhusu msitu wao. Wataita walikuwa na misitu yao mitakatifu, fighi, ambayo hakuna mtu aliyeingia na shoka bila idhini ya wazee, na baadhi ya vipande vilivyobaki leo vina deni kwa marufuku hizo za zamani. Lakini ardhi haikuongezeka watu walipoongezeka, na bei ya mboga Mombasa ilifanya kila mteremko wenye maji uwe na thamani.

Jina linaleta nini

Sasa turudi kwenye cheti. Apalisi mwenye mstari kifuani, kwenye Orodha Nyekundu ya dunia ya viumbe walio hatarini, yuko kwenye kundi la wasio na wasiwasi. Apalisi wa Taita, tangu alipohesabiwa kama spishi, yuko kwenye kundi la walio hatarini kabisa, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini. Kutoka daraja la chini hadi la juu ameruka kwa kubadilishiwa jina, bila unyoya hata mmoja kubadilika.

Fedha huifuata orodha hiyo. Mfuko mmoja wa kimataifa wa hifadhi ulipotenga dola milioni 7 kwa ajili ya milima ya Tao la Mashariki na misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliamua mahali pa kuzipeleka kwa kuangalia ni wapi wanaishi viumbe walioorodheshwa. Mlima wenye majina mengi kwenye orodha ulipata sikio, na ule usio na majina ulisubiri.

Kuna jambo zito zaidi, nalo linagusa wenye miradi mikubwa. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lile la kundi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni, lina viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2012. Mkopaji anayetaka kujenga mahali wanapoishi viumbe walio katika madaraja mawili ya juu ya hatari anaweza kukuta eneo hilo limewekwa kundi la makazi nyeti, na hapo masharti hubadilika: lazima athibitishe kwamba hakuna mahali pengine pa kujenga, na kwamba viumbe hao hawatapungua. Mabenki mengi ya biashara yamefuata viwango hivyo. Mwenye mpango wa machimbo au barabara mpya kwenye miteremko ya Taita atakutana na jina la ndege huyu kwenye makaratasi ya mkopo kabla hajakutana naye msituni.

Kwa hiyo ugomvi wa wataalamu kuhusu koo jeusi na alama 7 si mchezo wa watu wasio na kazi. Mtu akiamua kesho kwamba alama zilihesabiwa vibaya, na kwamba huyu ni tawi tu, ngazi yote hiyo inaondolewa kwa mstari mmoja wa kalamu.

Kusini mambo yanafanana, ila shinikizo ni tofauti. Namuli, watu hupanda juu kukata msitu ili walime viazi mviringo, kwa sababu udongo ule mweusi wa juu unatoa viazi vizuri na soko lipo. Mulanje, unaouona ukisimama kwenye mpaka wa Muloza na Milange kati ya Malawi na Msumbiji, umeporwa mierezi yake maarufu, mti wa taifa wa Malawi, hadi magogo makubwa yakaisha. Mkaa nao hauachi kushuka. Zomba imevikwa misonobari kama Taita. Ndege wa milima hiyo ya Malawi naye yumo kwenye Orodha Nyekundu, daraja la walio hatarini. Mnunuzi wa viazi au mbao katika masoko hayo hajawahi kuulizwa habari za ndege, na sidhani kama ataulizwa karibuni. Lakini mfanyabiashara anayebeba mbao za asili bila kibali cha usafirishaji tayari anajua kwamba siku hizi kizuizi cha maliasili kinaweza kuwa kirefu kuliko cha forodha.

Wasio na kadi

Tumebakiza mmoja. Kutoka Himo kwenda Same, safu ya pili ya milima utakayoiona kushoto ni Pare Kusini. Juu yake uko msitu wa Chome, na kilele chake, Shengena, ndicho kirefu kuliko vyote katika Pare. Humo anaishi apalisi aliyepewa jina la tawi mwaka 1966, jina linalotaja Pare yenyewe, kwa sababu hajulikani kwingine.

Koo lake si jeusi kama la yule wa Taita. Hakupewa cheti cha spishi. Kwa hiyo anabaki tawi la ndege mwenye mstari kifuani, anahesabiwa pamoja na wale wa Rasi, na katika leja ya dunia hana wasiwasi wowote. Kwa ndege, Orodha Nyekundu hupima spishi; matawi hayana mstari wao.

Msitu wa Chome ni hifadhi ya mazingira asilia na unalindwa na sheria ya Tanzania, hilo ni jema. Lakini kwa miaka mingi ulikatwa kwa siri. Wapasuaji waliingia na misumeno ya mikono kutafuta mkulo, mti wa mbao nzuri yenye harufu ya kafuri, wakachimba mashimo ya kupasulia humo humo msituni na kushusha mbao usiku. Wauzaji wa fanicha pande zote mbili za mpaka wanajua ubora wa mbao hizo, na wachache waliwahi kuuliza zimetoka mlima gani.

Yule wa Taita akipungua, kuna orodha itakayobadilishwa, ripoti itakayoandikwa, na pengine mkopo utakaosimamishwa. Huyu wa Pare akipungua, hesabu ya dunia haitatikisika hata kwa tarakimu moja. Dereva anayepita Same alfajiri, kabla jua halijachoma ukungu wa Shengena, yuko kilomita chache tu kutoka mahali anapoimba.